Wastaafu wa Mtongwe, Nyali na kwingineko: tuandike kanuni za sare tulizovaa kabla hatujaisha

Baharia_wa_Mtongwe:

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwenu nyote.

Jana nilikuwa soko la Kongowea natafuta viatu vya mjukuu. Kwenye fungu moja la mitumba palikuwa na koti la kombati la jeshi la nchi ya mbali, mkononi lina V tatu za cheo, na kijana wa miaka kama ishirini amelivaa analijaribu. Nikamwambia kwa upole, mwanangu, livue. Sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa nguo za jeshi, na ukikutana na wenyewe usiku hawatakuuliza umelinunua pesa ngapi. Akalivua, lakini akaniambia, "Mzee, si ni nguo tu?"

Sikukasirika. Nimerudi nyumbani, nimekaa barazani, nikajiuliza ni nani aliyepata kumwambia vingine. Sisi tulioambiwa tumenyamaza, na wenzangu niliokula nao kiapo twawazika mmoja mmoja. Ndiyo nafungua uzi huu. Mwenye kumbukumbu aiweke: sare ilivaliwaje, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" msiiache, maana ndiyo inayopotea kwanza.

Naanza mimi. Jeshi letu la wanamaji lilizaliwa Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, na Mkenya wa kwanza kuliongoza alishika hatamu mwaka 1972. Mimi niliingia miaka michache baadaye. Waliotufundisha walikuwa Waafrika wenzetu, lakini wao wenyewe walifundishwa na Waingereza, kwa hivyo mambo mengi yalitufikia mkono wa pili.

La kwanza nililofundishwa Mtongwe, kambi yetu ya wanamaji, halikuwa kufunga kamba. Lilikuwa namna ya kupanda melini. Ukifika juu ya ngazi, kabla ya kusema na mtu yeyote, unageukia tezi, nyuma ya meli ilipo bendera, unapiga saluti. Hata sitaha ikiwa tupu, hata mvua ikinyesha. Siku ya pili nilipanda nikiwa na haraka, nimebeba ndoo mbili, nikapita moja kwa moja. Sajini akanirudisha gatini nipande tena, bila ndoo. Akaniambia, "Umeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi." Kwa mtoto wa pwani maneno hayo yalitosha. Sijasahau tena mpaka leo, na leo sina meli ya kupanda.

La pili, kichwa kitupu hakipigi saluti. Kama huna kofia unasimama wima, mikono ubavuni, basi. Mnaoona vijana kwenye picha wanapiga saluti vichwa wazi, hiyo si yetu.

La tatu linawashangaza wengi: vyeo vyetu ni vya nchi kavu. Kamanda wa wanamaji wa Kenya ni Meja Jenerali, si admirali. Meli ya kigeni ikitia nanga Kilindini, mabaharia wake husikia "Meja" na "Kanali" juu ya sitaha wakafikiri wamekosea mlango.

Haya, wenzangu.

Afande_wa_Nyali:

Salaam, mzee mwenzangu. Umenigusa pahali.

Mimi ni wa nchi kavu, nimekaa kambi ya Nyali miaka sita. Nilitoka bara nikiwa najua kung'arisha buti, au nilidhani najua. Nilipofika Mombasa nikakutana na ukungu. Buti zikikaa uvunguni siku tatu bila kuguswa unazikuta zimeota manyoya ya kijani. Shaba ya mkanda unaisugua jioni inameta, asubuhi imeshapata kivuli, kwa sababu ya upepo wa chumvi. Bara ukaguzi ulikuwa Jumamosi. Hapa, kwa mtu mwenye akili, ukaguzi ulikuwa kila usiku kabla ya kulala.

Nieleze buti, kwa maana naona watoto wa siku hizi wanapaka dawa ya chupa, ya kumwaga. Buti mpya ya jeshi ngozi yake ilikuwa na vipele. Unapasha mgongo wa kijiko kwenye mshumaa, unaupitisha juu ya ngozi iliyopakwa kiwi, ile dawa ya viatu ya kopo, taratibu, mpaka vipele vilale. Ukizidisha moto umeunguza buti ya serikali, na utailipa. Kisha kitambaa cha pamba unakifunga kwenye vidole viwili kikaze kama ngozi ya ngoma, kiwi kidogo, tone la maji, duara ndogo ndogo. Hapo hutumii nguvu, nguvu inakwangua. Unarudia tabaka juu ya tabaka. Pua ya buti ilinichukua siku tatu mara ya kwanza, na kuruti mwenzangu akaikanyaga kwenye foleni ya chai. Nililia, nasema kweli, nikiwa mtu mzima wa miaka kumi na tisa.

Bereti nayo ni somo. Ikitoka stoo imesimama kama sufuria. Unailoweka maji moto, halafu maji baridi, unaivaa mbichi na kukaa nayo mpaka ikaukie kichwani. Beji ikae juu ya jicho la kushoto, kitambaa kilalie kulia. Mtu anayevaa bereti iliyokaa kama mwavuli, hata leo nikiwa ndani ya matatu, namtazama nikasema huyu hakufunzwa au hakusikia.

Na ile fimbo ya sajini meja, raia wengi huidhani ni fimbo ya kuchapia. La. Inafunguka kama bikari. Ni ya kupimia hatua: inchi 30 kutoka kisigino hadi kisigino. Akiitembeza kando ya mstari hawezi kudanganywa. Utepe mwekundu wa sajini unakaa bega la kulia na kushuka hadi nyonga ya kushoto. Mkitazama gwaride la Sikukuu ya Jamhuri, bendera ya kikosi ikipitishwa mbele ya makoti mekundu, watazameni masajini, mtaona. Wanamaji wao huwa weupe, na hapo ndipo nawaheshimu, kwa kuwa sijui wanauwezaje ule weupe.

Mama_wa_Majengo:

Mimi nitakwambia wanauwezaje, baba. Weupe ule ulikuwa mikononi mwangu.

Mimi si mwanajeshi. Niliolewa na baharia, nikakaa naye miaka thelathini na moja mpaka Mungu alipomchukua. Yeye ndiye aliyevaa. Nimesoma hapo juu nikaona mwaeleza buti na beji, na hakuna aliyetaja wanga, nikasema hapana, leo nitaandika.

Wanga wa dukani tulikuwa twaununua mwisho wa mwezi mshahara ukiwa bado una nguvu. Siku nyingine nilitengeneza mwenyewe. Unakuna muhogo, unakamua kwa kitambaa ndani ya beseni, unaacha maji yatulie mpaka unga mweupe ukae chini. Unamwaga maji, unaanika unga. Siku ya kutia, unaukoroga kwanza kwa maji baridi, kisha unamimina maji yanayochemka huku wakoroga, mpaka uwe kama uji wa mgonjwa. Mwepesi kwa shati, mzito kidogo kwa kola. Ukianza na maji moto utapata madonge, na donge likikauka kwenye nguo nyeupe ni doa linalong'aa, huliondoi mpaka ufue upya. Kabla ya wanga, suuzo la mwisho latiwa buluu, kidogo sana. Ikizidi mume wako ataonekana amevaa anga.

Nguo hainyooshwi ikiwa kavu kabisa. Waitoa kambani ikiwa na unyevu, waikunja, waifunika kwa taulo, kisha ndio pasi. Na pasi ilikuwa ya makaa. Nyinyi mwazungumzia sajini, sajini wangu mimi ilikuwa cheche moja. Kila nikiinua pasi naipitisha kwanza kwenye jani la mgomba, laondoa masizi na laifanya iteleze. Makaa nayapepea nje, siyapepei karibu na nguo.

Alfajiri alivuka feri ya Likoni kwa nguo za nyumbani, sare ameibeba kwenye hanga imefunikwa shuka. Akivaa kambini. Watu wakicheka, huyu mwanamume abeba nguo kama bibi harusi. Lakini feri ni ya watu wote: huyu ana kikapu cha samaki, huyu ana dumu la mafuta, mtoto ana embe. Shati la kazi yangu ya saa mbili lingeisha kabla ya kufika ng'ambo.

Alipostaafu alirudisha kila kitu. Nilikaa naye kitandani usiku tukihesabu kwenye karatasi: shati ngapi, suruali ngapi, kofia, mikanda. Nilizinyoosha zote upya kabla hazijaenda. Akaniuliza, "Za nini tena, si zaenda stoo?" Nikamwambia hazitatoka nyumbani kwangu na mikunjo.

Afande_wa_Nyali:

Mama, shikamoo. Nimesoma mara mbili, nikamwita mke wangu akasome.

Kijana_wa_Changamwe:

Shikamooni wazee. Nauliza nijue. Babu yangu mmoja alikuwa mpishi melini, akituambia kola kubwa ya mabaharia wa Kiingereza ina mistari mitatu kwa ushindi mara tatu wa Nelson, admirali wao wa zamani, na kile kitambaa cheusi cha shingoni ni kumwombolezea. Pia eti suruali zao zilikunjwa mikunjo saba kwa ajili ya bahari saba. Ni kweli?

Baharia_wa_Mtongwe:

Marahaba mwanangu. Mikunjo naijua. Suruali pana za baharia wa Uingereza zilikunjwa kwa mlalo, si kwa wima kama zetu za ofisini, kwa sababu kasha la baharia ni dogo. Waigeuza ndani nje, waikunja kama kinanda cha mkono, yaingia pahali padogo na haikunjamani. Mikunjo ilikuwa mitano kwa mtu mfupi, saba kwa mrefu. Bahari saba zilikuja baadaye, kwenye hadithi. La Nelson namwachia mwenye vitabu.

Mwalimu_Mstaafu:

Nipo, nilikuwa nawasoma kimya. Nimefundisha historia sekondari, na babangu alikuwa askari wa Keya, jeshi la wakati wa mkoloni.

Kijana, hadithi ya Nelson ni tamu ila haisimami. Vita vyake vitatu ni Nile 1798, Copenhagen 1801 na Trafalgar 1805, ambako alikufa. Sare rasmi ya mabaharia wa kawaida wa Uingereza ilitungiwa kanuni mwaka 1857, zaidi ya miaka hamsini baadaye, na hakuna ushahidi kwamba mistari ile iliwekwa kwa ajili yake. Kitambaa cheusi kilikuwa kikivaliwa hata kabla hajafa. Babu yako hakukudanganya. Alikupa alichopewa, na mabaharia wa Kiingereza wenyewe wanasimuliana hivyo hivyo.

Yetu ni hii, na inaanzia hapa Mombasa. Mwaka 1895 kiliundwa kikosi cha East Africa Rifles, makao yake mji huu. Mwaka 1902 kikaunganishwa na vya Uganda na Afrika ya Kati, ikazaliwa King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliita Keya. Ndani yake walikuwamo Wasudani wengi waliotumikia jeshi la Misri, na ndio waliotuletea "afande". Neno lenyewe ni la Kituruki, lilipita Misri na Sudan ndipo likafika kwetu. Baadaye, miaka ya hamsini, Waingereza walilifanya kuwa cheo kamili cha Waafrika ndani ya Keya; Idi Amin alikipata mwaka 1959. Leo kila polisi wa barabarani ni afande.

Na mji huu haukukaa ukitazama sare kwa mbali. Kulikuwa na ngoma za beni, vyama vyake Mombasa vikiwamo Kingi na Scotchi. Watu walijipanga safu kama askari, wakapeana vyeo, wakashona mavazi ya gwaride. Scotchi wakaiga mpaka sketi za Waskoti. Nimewahi kusikia wakitajwa kama watu waliopumbazwa na mzungu. Sikubali. Mtu anayekesha akishona kifungo mahali pake, kisha akashindana na mtaa wa pili nani kanyooka zaidi, huyo amekichukua kitu na kukifanya chake. Mama wa Majengo ni wa ukoo huo huo.

Mjukuu_wa_Keya:

Wazee, nawasalimu kutoka Kwale. Mwalimu ametaja Keya, nami nina jambo linanisumbua.

Babu yangu mzaa baba alikwenda vita vya Bama, yaani Burma, katika vita vya pili vya dunia. Alifariki mimi nikiwa mdogo. Alisimulia kwamba walioingia Keya kabla ya vita wengi walitembea peku, kaptura ya kaki, fulana nzito ya buluu, vitambaa vya buluu vimezungushwa miguuni kutoka kifundo hadi chini ya goti, na tarbushi ndefu kichwani. Kitambaa cha mguu kikilegea njiani unatoka kwenye mstari ukifunge, na ukirudi wenzako wako mbele nusu maili. Yeye alipewa buti, zikamchubua mpaka akaona afadhali peku. Bama wakavishwa kijani badala ya kaki, kwa sababu kaki ndani ya msitu ule yaonekana kama taa. Kofia yao ilikuwa ile pana ya ukingo, na begani alama ya kichwa cha kifaru.

Sasa, kwenye sanduku lake kuna nyota ya madini yenye ncha sita, utepe wake una buluu pembeni, nyekundu katikati, na mistari miembamba ya rangi ya chungwa. Nyuma haina kitu. Haina jina, haina namba. Mtu mmoja mjini aliniambia medali isiyo na jina ni ya kununua, huenda babu aliokota. Tangu hapo sijaionyesha kwa mtu. Kweli naweza kuwa na babu aliyedanganya?

Afande_wa_Nyali:

Mjukuu, sikiliza vizuri.

Huyo mtu wa mjini amekosea, na amekosea pahali pabaya. Medali za Uingereza za vita vya kwanza zilichongwa jina na namba ya askari. Nyota za vita vya pili walizotoa Waingereza hazikuchongwa. Zilitolewa tupu, kwa Mwafrika na kwa mzungu wao vile vile. Utepe ulioueleza ni wa Nyota ya Burma. Nyekundu ni majeshi ya Uingereza na himaya yake, chungwa ni jua. Kama babu yako angeonyesha nyota ya Burma yenye jina lake, hapo ndipo ningeuliza nani aliyemchongea.

Kichwa cha kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita bonde la Kabaw na kuvuka mto Chindwin mwaka 1944. Mtu hajitungii jambo dogo kama kifaru cha begani.

Mwalimu_Mstaafu:

Naongeza moja tu. Waliokwenda huko wengi waliondokea Kilindini. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka hapa ikienda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, na ndani yake kilikuwamo kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Babu yako alivuka maji hayo hayo. Nyota yake isikae sandukuni kwa aibu.

Kuhusu peku: wapo maofisa waliodai askari wa Kiafrika hutembea vizuri zaidi bila viatu. Babangu akisikia hivyo alikuwa akinyanyua mguu wake na kuuonyesha unyayo. Hakusema neno.

Mjukuu_wa_Keya:

Nimemsomea mamangu uzi mzima kwenye simu. Analia. Amesema niwaambie asanteni.

Nauliza la mwisho. Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani, Novemba, naruhusiwa kuivaa? Sitaki kuvaa kisicho changu. Nimesoma habari ya kijana wa Kongowea.

Baharia_wa_Mtongwe:

Swali lako ndilo nililolitaka tangu mwanzo wa uzi.

Waruhusiwa, ila kwa upande wake. Medali uliyoipata wewe yakaa kushoto, juu ya moyo. Medali ya mzazi au babu yakaa kulia. Mtu aliyefunzwa akikuona kutoka mbali atajua kabla hujafungua mdomo: huyu hakupigana, amembeba aliyepigana. Hakuna atakayekudharau. Ukiivaa kushoto, hapo umemnyang'anya. Ua jekundu la kumbukumbu likae kushoto kama kawaida. Vaa shati jeupe na koti la kawaida. Usitafute bereti, usitafute kombati, hata ukipewa bure.

Sisi wastaafu nasi ni hivyo hivyo: sare tulirudisha, tuna koti la raia, bereti ya kikosi siku hiyo moja, na medali zetu.

Mama_wa_Majengo:

Mwanangu wa Kwale, shati lako niletee Ijumaa. Sina sare ya kunyoosha siku hizi na mkono wawasha.

Mjukuu_wa_Keya:

Nitaleta mama, inshallah. Na nyota nimeanza kuitafutia majivu na ndimu niisugue, imekuwa nyeusi kabisa.

Baharia_wa_Mtongwe:

Hapana! Weka ndimu chini. Shaba ya mkanda wa kuruti husuguliwa kwa kuwa kesho itasuguliwa tena. Hiyo ya babu ina weusi wa miaka themanini, na utepe wake ukilowa ndimu utapasuka. Ifunge kwenye kitambaa kikavu cha pamba uje nayo kama ilivyo. Jumapili hiyo saa mbili asubuhi nitakuwa upande wa Likoni, penye ngazi za feri, nimevaa koti la buluu. Nitakufunga pini mwenyewe.

Afande_wa_Nyali:

Nami nitakuwepo. Buti nimeshaanza.